Bundi Kwenye Mwembe: Kuangalia Ndege Na Kuwahifadhi Katika Mizani Ya Shari'ah



Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), Mola wa walimwengu, na Swalah na Salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake, Maswahaba zake na waliowafuata kwa wema.

Ama ba'ad,

Swali lililotufikia ni la mama mmoja wa Pemba. Mwanawe wa miaka 14 amependa ndege. Kila siku baada ya Swalah ya Alfajiri hutoka na daftari na darubini kuukuu aliyopewa na mjomba wake, akazunguka mashambani mpaka unapokaribia wakati wa skuli, na akirudi huandika aliowaona. Babu yake mzaa baba, ambaye ni mgonjwa na analala nyumbani kwao, anasema huo ni upuuzi usio na thawabu. Hilo lingevumilika. Lakini wiki tatu zilizopita kijana amegundua tundu katika mwembe ulio nyuma ya nyumba, na ndani yake mna bundi na makinda. Usiku wanalia. Majirani wameshakuja mara mbili kusema kuwa bundi anamwita mzee, basi auliwe na mwembe ukatwe. Kijana amekataa, akalia mbele za watu. Mama anauliza: je, anayoyafanya mwanawe yanafaa katika Dini? Na yeye afanye nini kuhusu bundi, ilhali mumewe yuko safarini na anaogopa kulaumiwa mkwewe akifariki?

Swali hili linagusa nyumba nyingi za visiwani kwetu, hata zile zisizo na bundi. Kwa hivyo tumeona tulijibu kwa kirefu kidogo.

Ndege Njema Na Ndege Mbaya

Kiswahili chetu kimehifadhi jambo la kuzingatiwa. Tunasema mtu kapata ndege njema, au safari ile ilikuwa na ndege mbaya, na wala hatumkusudii kiumbe mwenye mbawa. Tunakusudia bahati. Waarabu nao ni hivyo hivyo: neno "twaair" ni ndege, na pia ni lile limfikalo mtu la kheri au la shari. Limekuja kwa maana hiyo katika Suwrat Al-Israa, Aayah ya 13, na Wafasiri wakalieleza kuwa ni matendo ya mja mwenyewe, yanayomganda kama kitu kilichofungwa shingoni.

Asili yake ni ada ya Jaahiliyyah. Mtu akitaka kusafiri, kuoa au kufanya biashara, alimfuata ndege akamshtua. Ndege akiruka upande wa kulia, mtu anaendelea na jambo lake. Akiruka kushoto, anarudi nyumbani. Ada hii ndiyo iliyoitwa "twiyarah". Kwa hiyo Waarabu wale walikuwa waangaliaji ndege hodari kabisa, ila walikuwa wakiangalia wasichopaswa kukitafuta.

Uislamu haukuwaambia waache kutazama juu. Uliwabadilishia cha kutafuta. Katika Suwrat An-Nahl (Aayah ya 79) na Suwrat Al-Mulk (Aayah ya 19) Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Anawahimiza watu wawatazame ndege walioko angani, wanavyokunjua mbawa na kuzikunja, kisha wazingatie ni nani Anayewashika wasianguke. Katika Suwrat An-Nuwr (Aayah ya 41) tunajulishwa kuwa ndege nao wana tasbihi yao wanayoijua, na katika Al-An'aam (Aayah ya 38) kuwa wao ni umma mfano wetu sisi. Hudhud ana kisa chake na Nabii Sulaymaan ('Alayhis-salaam), na kunguru ndiye aliyemwonyesha mwana wa Aadam namna ya kumzika nduguye.

Kwa hivyo jibu la sehemu ya kwanza ya swali si gumu. Kutazama ndege kwa kuzingatia uumbaji ni jambo lililohimizwa na Qur-aan yenyewe. Hata akiwatazama kwa kujiburudisha tu, asili ya burudani isiyokuwa na haramu ndani yake ni kuruhusiwa, na mwenye kutia niyyah njema juu yake anatarajiwa ujira. Babu tunamwomba radhi, na tunamwombea shifaa, lakini kijana anayeswali Alfajiri kwa jama'ah kisha akatoka kutazama viumbe vya Mola wake hayumo katika upuuzi. Vijana wa umri wake saa hiyo wengi wao wamelala na simu kifuani.

Bundi Anamwita Nani?

Sasa tuje kwa bundi, maana hapa ndipo penye hatari, na hatari yenyewe ni ya 'Aqiydah kabla ya kuwa ya mti na ndege.

Katika Hadiyth iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim kutoka kwa Abu Hurayrah (Radhwiya Allaahu 'anhu), Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alikanusha mambo kadhaa waliyoyaamini watu wa Jaahiliyyah, na miongoni mwayo ni twiyarah na "haamah". Twiyarah tumeshaieleza. Haamah je? Imaam An-Nawawiy katika sherehe yake ya Swahiyh Muslim ametaja kauli mbili. Moja ni kuwa Waarabu walidhani mifupa ya maiti, au roho yake, hugeuka ndege akaruka. Nyingine, nayo ndiyo tafsiri ya Imaam Maalik bin Anas, ni kuwa haamah ni bundi: alikuwa akitua juu ya nyumba ya mtu, mwenye nyumba huona kuwa amekuja kumtangazia kifo chake au cha mmoja wa watu wa nyumbani kwake.

Irudie tena tafsiri hiyo ya Imaam Maalik. Imepita zaidi ya miaka 1200, naye alikuwa Madiynah, hakuwa Pemba, lakini ni maneno yale yale wanayoyasema majirani wa mama huyu chini ya mwembe. Na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ameshayajibu.

Atasema mtu: "Lakini mimi nimeona. Bundi alilia kwa fulani, na asubuhi akafa." Ndugu yetu, bundi hulia usiku mwingi, na wagonjwa wako katika kila mtaa. Usiku uliotufika msiba tunaukumbuka maisha, na sauti zote za usiku ule tunazikumbuka. Zile mamia ya siku alizolia bundi na kukapambazuka salama, watu wakanywa chai, nani anazihesabu? Ajali haitangulizwi wala haicheleweshwi na sauti ya ndege.

Na moyo ukishtuka bila ya mtu kutaka? Hili ni la kibinaadamu, na mama asijilaumu kama naye usiku ameshtuka. Mu'aawiyah bin Al-Hakam As-Sulamiy (Radhwiya Allaahu 'anhu) alimweleza Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) kuwa miongoni mwao wako wanaoona mkosi katika ndege, naye akamjibu kuwa hilo ni jambo wanalolihisi vifuani mwao, basi lisiwazuie. Hadiyth hiyo imo katika Swahiyh Muslim. Na katika Hadiyth ya Ibn Mas'uwd (Radhwiya Allaahu 'anhu) iliyopokewa na Abu Daawuwd na At-Tirmidhiy, twiyarah imeitwa shirki, na ikaelezwa kuwa Allaah Huiondosha kwa tawakkul. Wanazuoni wakatofautisha: hisia inayopita ni kitu kimoja, na kuifuata hisia hiyo kwa kitendo ni kitu kingine. Mwenye kushika panga akaenda kuukata mwembe ili mzee asife, huyo ameshafuata.

Tumtazame sasa mshitakiwa mwenyewe.

Kisiwa cha Pemba kina aina nne za ndege ambazo hazipatikani mahali pengine popote duniani. Yuko ninga wa Pemba, yuko chozi wa Pemba ambaye dume lake hung'aa juani, yuko kijidege cha rangi ya kijani na manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho, na yuko bundi mdogo wa Pemba. Huyu bundi urefu wake ni kama shubiri moja. Wengine ni kahawia, wengine wana wekundu wa kutu. Anaishi katika Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya kisiwa, na pia katika mashamba ya mikarafuu mikubwa na miti mikongwe yenye matundu. Chakula chake zaidi ni wadudu. Sauti yake ni "hu" fupi, kisha kimya, kisha "hu" nyingine, na aghlabu mmoja akilia mwenzake humjibu kutoka mti wa pili.

Yaani huyo anayedhaniwa kumwita mzee, anamwita mkewe.

Kwa sifa alizozitaja kijana katika daftari lake, ambazo mama alituandikia, yaani udogo wake, rangi ya kutu na hiyo "hu" moja moja, tunadhani ni huyu huyu. Hata kama ni bundi mwengine, mathalan yule mweupe wa usoni anayependa magofu na dari za nyumba za zamani, huyo naye riziki yake kubwa ni panya, na sijui nyumba gani visiwani haina ugomvi na panya. Wageni husafiri kutoka Ulaya na kulipa nauli za ndege na boti ili wasimame gizani Ngezi wasikie sauti ambayo mama huyu anaisikia akiwa kitandani. Akiuliwa Pemba, hakuna pengine pa kumwendea.

Kijana Atoke, Na Adabu Zake

Tumesema inafaa. Inabaki namna ya kufaa kwake.

La kwanza ni Swalah na masomo. Saa nzuri za ndege ni baada ya Alfajiri mpaka jua likazane, na tena baina ya Alasiri na Magharibi. Ni neema kuwa saa hizo zimekaa baina ya Swalah, hazikuingiliana nazo. Asije akachelewa Magharibi kwa kuwa anamfuata mdiria.

La pili ni darubini, na hapa tunawaomba wazazi wakaze. Darubini inaleta karibu ndege, na inaleta karibu pia dirisha la jirani na ua wa watu ambamo wanawake wamejistarehesha. Hukumu ya kuchungulia ndani ya nyumba za watu ni kali katika Sunnah. Kijana asiielekeze kwenye nyumba hata kama ndege katua juu ya bati. Amwache aruke, au atafute upande mwingine. Vile vile asiingie shamba la mtu bila idhini, maana mwenye karafuu akimwona mtoto anazunguka chini ya mikarafuu yake msimu wa mavuno, ana haki ya kuuliza.

Watoto wa kike nao wana haki ya burudani hii kama ndugu zao, wakiwa na maharimu yao au na kundi la skuli lenye waalimu wa kike, pamoja na sitara. Ufukweni maji yakipwa ni mahali pazuri kwa familia nzima kukaa na birika la chai.

Kuhusu kupiga picha, tofauti za Wanazuoni katika picha za kamera zinajulikana na tulishazieleza katika majibu mengine. Ambaye moyo wake hautulii, daftari linamtosha: tarehe, mahali, saa, rangi, sauti, na alichokuwa akikifanya ndege. Na mwenye kutaka kununua darubini asidanganywe na madukani kuwa kubwa ndiyo bora. Iliyoandikwa 8x32 au 8x42 inatosha. Nambari ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ya kukuza sana hutikisika mkononi, usimwone ndege wala mti.

Anaangalia nini? Wakati wa kaskazi ashuke pwani. Vitwitwi na sululu wanaokimbia kwenye matope ya Ghuba ya Chwaka, wengi wao wamezaliwa kaskazini ya mbali, katika nchi za barafu, na watarudi huko kabla ya mvua za masika kwisha. Yuko na ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, anayekula kaa. Huyu hutaga katika fukwe na visiwa vya Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, na hutaga yai lake ndani ya shimo analolichimba mwenyewe mchangani kama kaa, jambo ambalo jamaa zake wengine wa pwani hawalifanyi. Kisha huja kwetu na kinda lake, na kinda hilo, ingawa limeshavuka bahari kwa mbawa zake, bado humfuata mzazi likiomba chakula. Wazazi wenye vijana wakubwa nyumbani watafahamu. Familia zenye jamaa Muscat na Suwr zinaweza kuwapigia simu kuuliza kama ndege hao wameshaondoka huko.

Kijana akipenda, aliyoyaandika yanaweza kuingizwa katika hazina ya eBird kwa simu, ili wanaofuatilia hali ya ndege wapate habari za Pemba, ambako waandishi ni wachache. Hiyo nayo ni elimu yenye kunufaisha.

Manati, Ulimbo Na Tundu

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tuna hatia. Mwandishi wa makala hii naye utotoni alikuwa na manati ya mpira wa baskeli, na alijisifu nayo.

'Abdullaah bin Mughaffal (Radhwiya Allaahu 'anhu) alimwona mtu akirusha vijiwe kwa vidole, akamkataza, akamweleza kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amekataza hilo, kwani halipati windo wala halimdhuru adui, ila hutoboa jicho na kuvunja jino. Hadiyth imo katika Al-Bukhaariy na Muslim. Manati ni ndugu wa jiwe hilo, tena mwenye nguvu zaidi. Ndege aliyekufa kwa jiwe ni mfu, si halali kuliwa, isipokuwa akidirikiwa akiwa hai akachinjwa. Kwa hiyo mtoto anarudi na kijidege kisicholiwa, na mara nyengine na jicho la mtoto wa jirani. Ama kumfanya kiumbe hai kuwa shabaha ya kupimia, Ibn 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) aliwapita vijana waliofanya hivyo, akawaeleza kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amemlaani mwenye kufanya hilo.

Kuwinda kwa ajili ya chakula ni halali, na ninga ni halali. Lakini ninga wa Pemba amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, na mashamba yake ya kula, yaani mikuyu na miti mingine ya matunda, yanapungua. Zanzibar ina Sheria nambari 10 ya mwaka 1996 ya misitu, ambayo ndani yake umo ulinzi wa wanyama pori, na kutii wenye mamlaka katika jambo la maslaha lisilokuwa na maasi ni waajib. Kuwinda kwa mchezo, mtu akaua na kutupa, hakuna Mwanachuoni aliyekusifu. Ipo Hadiyth mashuhuri ya shomoro atakayemlalamikia aliyemwua bure Siku ya Qiyaamah, imepokewa na An-Nasaaiy. Wako walioidhoofisha isnadi yake, na tumeitaja kwa kuwa watu hutuuliza. Hukumu haiitegemei peke yake.

Na kuchukua makinda? 'Abdullaah bin Mas'uwd (Radhwiya Allaahu 'anhu) amesimulia kuwa walikuwa safarini na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), wakamwona ndege na makinda wawili, wakayachukua. Mama yake akaja akitandaza mbawa juu yao. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliporudi aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, na akaamrisha warudishiwe. Ameipokea Abu Daawuwd. Jeshi zima safarini, na amri ikatoka kwa ajili ya kijidege.

Kuhusu kufuga ndege tunduni, hatuwezi kusema ni haramu, kwani kisa cha Abu 'Umayr kipo. Alikuwa mtoto mdogo, nduguye Anas bin Maalik (Radhwiya Allaahu 'anhu), na alikuwa na kijidege anachocheza nacho. Kikafa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alikuwa akimtania kwa upole na kumuuliza habari za kijidege chake. Hadiyth iko katika Al-Bukhaariy na Muslim, na Ibn Al-Qaasw, katika Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shaafi'iy, alitoa ndani yake faida 60. Moja katika faida hizo ni ruhusa ya kumweka ndege, kwa sharti ya chakula, maji na kutoteswa. Lakini pima na kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ale mwenyewe. Tundu lililotundikwa barazani juani, maji yamekauka, kasuku amejing'oa manyoya: mwenye tundu hilo asijitetee kwa Abu 'Umayr. Ulimbo tunaukataza kabisa, kwani humnasa yeyote, anayeliwa na asiyeliwa, na humng'oa mbawa.

Mayai, Miti Na Kunguru

Wavuvi wa kusini Unguja wanakijua Fungu Kizimkazi, kijisiwa kilichoko mbali katika bahari kuu, hakina mti wala maji. Maelfu ya membe na ndege wengine wa baharini hutaga hapo juu ya mchanga na mawe. Membe wengi wa huko hutaga yai moja tu. Hatusemi yai lile ni haramu kwa mvuvi mwenye njaa. Tunasema kuwa anayeshuka na ndoo akazoa, na kuwarusha ndege wote juu mchana wa jua kali, anaharibu zaidi ya alichochukua, maana yai lisilofunikwa na mama yake huiva pale pale mchangani. Na wavuvi hao hao ndio wanaowafuata membe baharini ili kujua samaki wako wapi.

Mfano mzuri tunao nyumbani. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, wazee wanakinasibisha na msala wa kuswalia. Kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na miaka ile wavuvi, maimamu na waalimu wa vyuo waliitwa wakasomeshwa hifadhi ya bahari kwa Aayah na Hadiyth, kwa kuwa matangazo ya serikali peke yake yalikuwa hayawafiki. Lililofaa kwa samaki na matumbawe linafaa kwa ndege. Imamu akiligusia bundi na manati katika khutbah moja tu ya Ijumaa, litafanya kazi kuliko mabango mengi.

Mti nao ni sadaka. Anas (Radhwiya Allaahu 'anhu) amepokea, katika Al-Bukhaariy na Muslim, kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Ndege ametajwa kwa jina lake. Karne ya 19 sehemu kubwa ya msitu wa Pemba ilifyekwa kwa ajili ya karafuu, na baada ya dhoruba ya mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Hatuwalaumu wazee, wamelisha watu. Lakini mwenye shamba leo akiuacha mkuyu mmoja mpakani, au mwembe mkongwe wenye tundu, hakupoteza kitu. Waislamu wa Uturuki zama za Uthmaaniyyah walikuwa wakichonga vijumba vya ndege katika kuta za misikiti yao, na msikiti wa Ayazma mjini Istanbul bado unavyo.

Je, Zakaah inaweza kutolewa kwa kazi hizi? Hapana. Mafungu yake ni manane na yametajwa katika Suwrat At-Tawbah, Aayah ya 60. Sadaka na waqfu, naam. Mtu akiweka waqfu kipande cha msitu wa ukoo kisikatwe, na matunda yake yaliwe na watu na ndege, hiyo ni sadaka yenye kuendelea in shaa Allaah.

Na kunguru? Hapa tutawashangaza baadhi ya wasomaji. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliojaa mjini si wa kwetu. Waliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Kiingereza, ili wale taka. Wakala taka, kisha wakala mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya kuku, na samaki kwenye uchanja. Leo Dar es Salaam na Mombasa nazo zinawalalamikia. Anayependa ndege hana budi kukubali kuwa wapunguzwe, na Shari'ah haina tatizo na hilo: kunguru ametajwa katika Hadiyth ya wale watano waruhusiwao kuuliwa hata ndani ya Haram, na wako Wanazuoni walioeleza kuwa sababu ni udhia wao. Sharti ni kuua kwa ihsaan bila ya kutesa, na kazi hiyo ifanywe na wahusika kwa mitego, si watoto kwa mawe juu ya mabati ya watu. Na jaa lililo wazi nyuma ya nyumba ndilo linalowalisha. Likifunikwa, wengi watahama wenyewe.

Jibu Kwa Mama

Mwembe usikatwe, na bundi asiuliwe. Mama akiwa ni msimamizi wa nyumba mumewe hayupo, ana haki ya kuwazuia majirani kwa upole, na anaweza kumwomba imamu wa mtaa aje kumzuru mgonjwa, ambalo ni Sunnah kwa hali yoyote, kisha awaeleze watu maana ya haamah wakiwa wamekaa hapo hapo barazani. Kumzuru mzee na kumsomea ndiyo dawa waliyoiacha majirani wakashughulika na mti.

Kijana asipande mwembe kuwaangalia makinda, wala asiwamulike tochi kila usiku, kwani mama yao akiogopa huweza kuwaacha. Akae mbali, atumie darubini yake jioni. Makinda ya bundi hawa hayakai tunduni muda mrefu; yakishaota mbawa yatatoka na kusambaa, na kelele zitapungua zenyewe.

Na babu, kama anaweza kukaa, kiti chake kitolewe uani baada ya 'Ishaa, mjukuu amwonyeshe ni upande gani anatoka dume na upande gani jike hujibu. Huenda yeye mzee, aliyezaliwa shambani, anajua majina ya ndege ambayo kijana hajayaandika.

Wa Allaahu A'lam.